Picha za Siku ya Turubai

Mtu aliyeshika kamera kwenye kermesse, sikukuu ya parokia, huona kila kitu isipokuwa muziki. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, maana ni muziki ulionipeleka huko. Wakati wa likizo kubwa, mvua zikipungua na wanafunzi wakiwa nyumbani, parokia nyingi za Butembo na Beni zilifanya sikukuu zao za uwanjani. Asubuhi mafundi walipigilia misumari jukwaa la mbao, akina mama wakawasha majiko ya mishikaki, na mchana orkestra ikaanza. Zamani walipiga mpaka alfajiri. Vita vilipokuja muziki ukahamia mchana, kwa sababu giza likiingia kila mtu alitaka awe nyuma ya mlango wake.

Raha ya kazi ile siwezi kuikana. Kuna ile sehemu ya mwisho wa wimbo, sebene, waimbaji wanaponyamaza na gitaa linachukua watu viuno. Mpiga solo huinamisha kichwa, vumbi jekundu linapanda mpaka magotini, na wewe uko juu ya kreti tupu ya bia umezuia pumzi, unasubiri. Ukiipata picha hiyo unajua palepale kwamba umeipata. Halafu mlevi anakupiga kiwiko, au filimu inakwama, au vumbi limeingia kwenye lenzi na picha zote zinarudi na doa moja mahali pamoja, na unajilaani mwezi mzima.

Lakini hakuna aliyekula kwa kupiga picha za wanamuziki. Filimu ilikuwa ghali. Tulipiga wateja. Mteja alikuja mbele ya jukwaa, akaipa orkestra mgongo, akakaza uso kama anapigwa picha ya kitambulisho, na mimi nikahakikisha gitaa na ngoma zinaonekana nyuma yake. Hiyo ndiyo iliyoitwa foto na orkestra. Filimu za rangi zilisafirishwa Kampala na wafanyabiashara waliokwenda kununua bidhaa, zikarudi na picha ndani ya bahasha za karatasi. Nilizipanga kwa sura ya mteja na kupita nyumba kwa nyumba. Nyuma ya mteja sikuangalia tena.

Kabla ya vita nilibaki na negative zote, vile vipande vya filimu vinavyotoa picha. Vita vilipokolea, wateja wakaanza kuzidai. "Nipe na négatif yangu," walisema, na mkono umeshanyooshwa. Nilikata ukanda kwa makasi, kipande kwa kipande, kila mtu na chake. Sikuwalaumu. Miji yetu ilikuwa mikononi mwa waasi, milimani walikuwepo watu wa porini waliopigana nao, na aliyekuwa mkubwa leo kesho alikuwa adui. Picha inayokuonyesha umesimama na mtu ilikuwa jambo la hatari. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa mteja, nisingemwamini mpiga picha. Nimetoka kwenye ukoo wa watu wa shaka. Mama yangu hufunga mlango wa jiko hata akiwa ndani anapika.

Kitu kimoja tu nilijiwekea. Mwishoni mwa kila filimu huwa kinabaki kipande kidogo ambacho wenye kiwanda hawakihesabu. Hicho kilikuwa changu. Nilikitumia kumpiga picha mdogo wangu, mpiga solo wa orkestra, akiwa amesahau dunia nzima. Picha hizo nilizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, na sikumwonyesha mtu.

Sasa nieleze siku ya turubai. Ilikuwa Jumapili ya likizo, Beni, na mvua isiyotarajiwa ikatumwagikia katikati ya sebene. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameegesha lori lake kando ya uwanja. Vijana wakalivua turubai, wakalifunga juu ya jukwaa kwa kamba za katani, na orkestra haikuacha kupiga. Umati ukaingia chini yake. Wateja wangu wakabanana bega kwa bega na wanamuziki, wakicheka, nguo zimelowa, na kila mmoja akataka picha ya ajabu hiyo. Nilimaliza filimu zote nilizokuwa nazo. Beni nzima ikaipa siku hiyo jina, na mpaka leo ukisema siku ya bâche, yaani ya turubai, wenye umri wangu wanajua unasema nini.

Jumapili hiyohiyo, upande wa Butembo, palipiganwa kijijini Vuhovi. Redio ya waasi ilitangaza kwamba komanda wa Beni, mgeni aliyekuwa ametumwa kutoka mkoa wa mbali, aliwaongoza yeye mwenyewe askari wake na kuwafukuza watu wa porini. Alisifiwa kweli. Sura yake sikuijua, nilijua sauti yake ya redioni tu.

Wiki chache baadaye, picha zikiwa zimeshagawiwa, askari walikuja kwetu Butembo wakamchukua mdogo wangu akiwa anabadilisha nyuzi za gitaa. Walipekua nyumba. Kopo la maziwa walilifungua, wakanusa, wakaondoka nalo.

Nilimfuata mpaka Beni. Kambi yao ilikuwa kwenye ofisi ya zamani ya kilimo, na komanda akanipokea akiwa na miwani myeusi. Alisema Kiswahili cha kuungaunga na Lingala.

"Ndeko na yo, huyu ndugu yako, nilimuona na macho yangu. Vuhovi. Alikuwa na bunduki."

"Mon commandant, ile Jumapili alikuwa hapa Beni, anapiga gitare mu kermesse."

"Nani alimuona?"

"Batu yote."

"Lete hata mumoja aseme." Akatabasamu, na nikaona mwanya mpana kati ya meno yake ya mbele. "Samedi banapanda camion."

Nilijua maana ya lori hilo la Jumamosi. Lilikwenda makao makuu yao, na waliopandishwa humo hatukuwahi kuwaona tena. Ndani ya chumba alichofungiwa mdogo wangu walikuwepo pia wakulima wawili wa Vuhovi, kwa kosa lilelile na shahidi yuleyule. Tulikuwa Jumatano.

Nilianza kwa kiongozi wa orkestra, nikiamini atasema neno moja na mambo yataisha. Alikuwa anafunga vipaza sauti kwenye magunia.

"Ile siku ya bâche?" akasema bila kuniangalia. "Sikumbuke muzuri kama alikuwako."

"Si ulisimama pembeni yake!"

"Photographe, mi niko na batoto."

Niliondoka damu ikinichemka. Nikamshuku mara moja kwamba ndiye aliyemuuza mdogo wangu, kwa wivu, maana watu walikuwa wakimshangilia mpiga solo kuliko yeye. Njia nzima nilikuwa nikipanga ushahidi kichwani. Alinunua koti jipya. Askari humsalimia. Kila kitu kiliingia mahali pake sawasawa, na hilo peke yake lingetosha kunipa wasiwasi.

Basi zikabaki picha. Nani angeweza kubishana na turubai? Nikaanza kuzunguka kwa wateja wangu.

Kwetu mgeni akiingia nyumbani hupewa albamu. Wenyeji wanahangaika jikoni, na wewe unafungua kurasa, unaangalia ubatizo na harusi za watu, ili usijione umeachwa peke yako. Albamu hukaa mezani, juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Siku ile, kwa mama muuza vitenge aliyekuwa mteja wangu wa kila kermesse, meza ilikuwa na kitambaa tu.

"Album iko wapi, mama?"

"Batoto balipasua."

Niliketi. Sikuondoka. Mwishowe akaileta, akaisimamia pembeni kama mtu anayemwangalia fundi asimwibie misumari. Picha ya siku ya turubai ilikuwemo. Yeye alikuwemo, amelowa, anacheka, na turubai liko juu yake. Lakini upande wa kushoto, pale alipokuwa akisimama mdogo wangu, ulikuwa umekatwa kwa makasi kutoka juu mpaka chini.

"Ni nani alikata?"

"Ilifika vile kutoka Kampala."

Mimi niliyemkabidhi picha hiyo nzima kwa mkono wangu! Nikauliza negative. Akasema ameichoma, na inanuka vibaya sana ikiungua.

Nyumba ya pili ilikuwa ya fundi cherehani. Picha imekatwa, upande uleule. Ya tatu, ya familia moja ya wakulima waliokuwa wametoka Kipese kuja kufanya biashara ya vitunguu, imekatwa. Pale makasi yalikwenda upogo, na vidole vya mdogo wangu vikabaki kwenye shingo ya gitaa, karibu na sikio la binti wa nyumba. Nilivitambua; vidole vile ningevitambua popote. Lakini vidole havina jina, na nilijua komanda angenicheka.

Niliwachukia. Naandika wazi kwa sababu nilihisi wazi. Watu hawa walikuwa wamecheza kwa gitaa lake, wamemwita mtoto wetu, na mara alipokamatwa wote walikimbilia makasi wasionekane naye. Nilipopita sokoni niliona macho yakiinuka na kushuka. Mama yangu mdogo, niliyelala kwake pale Beni, aliniambia niache. "Batu banasema unakusanya mafoto ju ya bureau," akasema, na bureau kwa wakati ule ilikuwa na maana moja tu, ofisi ya wapelelezi. Hata yeye, aliponiwekea ugali, alikaa karibu na mlango.

Alhamisi jioni nilibisha kwa Madame. Kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa kutoka Kasai, mtumishi wa serikali aliyeletwa kwetu kabla ya vita na kukwama. Siku ya turubai alivaa gauni la manjano na kucheza kuliko wote. Alifungua mlango kiasi cha uso wake tu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Madame. Ni ju ya mudogo yangu."

"Mu hii muji kila mutu anatumwa na mutu." Na akafunga.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya misa ya asubuhi, alinikuta kwenye ngazi za kanisa na kunipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kitu chepesi kikabaki kiganjani mwangu.

"Foto niliipasua," akasema, akitazama watu waliokuwa wakitoka. "Hii nilisahau mu enveloppe. Toa hii kitu mu nyumba yangu." Halafu, alipokuwa ameshageuka: "Donc unajua kile unatafuta?"

Nilidhani ni maswali ya kiualimu. Nilikuwa nimeshaelewa jambo moja, kwamba watu waliogopa picha, lakini ule ukanda mdogo wa rangi ya chungwa, ambao weupe wake ni weusi na weusi wake ni weupe, wengine hawakuuona kama picha. Walikata sura na kuiacha mbegu yake kwenye bahasha.

Nilipanda pikipiki mpaka Butembo. Muda wa Kampala haukuwepo. Nilikuwa na chumba changu cha giza, stoo ya kando ya jiko, ambamo nilisafisha picha ndogo za vitambulisho, nyeusi na nyeupe, kwa umeme wa jenereta ya mashine ya kusaga ya jirani. Negative ya rangi kwenye karatasi ile hutoa picha ya kijivu, mbaya, lakini hutoa. Nilimulika, nikatumbukiza karatasi kwenye dawa, nikasubiri chini ya taa nyekundu.

Madame alitokea kwanza, gauni lake la manjano likawa jeusi. Kisha turubai, na mikunjo yake na kamba. Kisha mdogo wangu, kichwa kimeinama, mkono kwenye nyuzi, na nikasema asante kwa sauti. Nilikuwa tayari kuitoa karatasi nilipoona kwamba kuna mkono umemzunguka shingoni. Mkono ukapata bega, bega likapata koti la michezo, na juu yake uso wa mwanamume aliyekuwa akiimba kwa mdomo wazi, amelewa furaha. Kati ya meno yake ya mbele kulikuwa na mwanya.

Nilibaki nimeinama juu ya beseni. Nje mashine ya kusaga iliendelea kunguruma. Shujaa wa Vuhovi alikuwa Beni, chini ya turubai, amemkumbatia mdogo wangu, wakati redio inasema yuko vitani.

Ndipo makasi yote niliyoyaona yakapata maana nyingine. Hawakuwa wakimkata mdogo wangu. Walikuwa wakimkata komanda. Alicheza alasiri nzima pembeni ya mpiga solo, na ili kumtoa yeye ilibidi wamtoe na mwenzake. Muuza vitenge alijua, fundi cherehani alijua, kiongozi wa orkestra alijua zaidi ya wote. Beni nzima ilisikia redio, ikaangalia picha, ikanyamaza. Aliyekuwa hajui ni mmoja tu, na ndiye aliyezipiga.

Kwa nini komanda alimtaja mdogo wangu, mpaka leo sijui. Pengine mpiga gitaa ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote, na alitaka asiwepo. Pengine alilewa kiasi kwamba jina lile lilimbaki kichwani bila kukumbuka alilipata wapi. Ninaamini la kwanza siku za hasira, la pili siku za amani.

Nilitoa nakala mbili. Moja nilimpa mama aifiche, naye akaisukuma chini ya mtungi wa maji bila kuiangalia. Nikafikiria ningempelekea nani. Mkubwa wake? Huenda walicheka pamoja. Padri? Angeniuliza kwanza nimeipata wapi, na jina la Madame lingetoka. Kila mlango niliouwazia ulikuwa na mtu nyuma yake ninayemshuku. Mwishowe akabaki mmoja ambaye nilijua kwa hakika anachokiogopa.

Alasiri hiyohiyo nilirudi Beni nikaiweka picha mbele ya komanda. Alivua miwani. Aliitazama kwa muda mrefu, na kwa kitambo kidogo nilidhani anataka kucheka, kama mtu yeyote anayejiona kwenye picha ya sikukuu.

"Nani mwingine aliona?"

"Mimi peke, mon commandant."

"Négatif eko wapi?"

Nikampa. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, kisha akaigusisha moto wa sigara. Muuza vitenge alikuwa amesema kweli kuhusu harufu.

"Chukua ndugu yako. Hii foto hapana iko."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipogeuka. Nililiuliza swali hili, na ninaliandika kwa sababu hakuna mwingine aliyelisikia.

"Na bale babili ba Vuhovi, mon commandant?"

Alikuwa anavaa miwani yake.

"Beko mu foto?" akauliza.

Hawakuwemo.

Mdogo wangu alitoka akiwa na alama za kamba mikononi. Hakunisalimia. Mimi nikadhani ni uchovu, nikampeleka nyumbani Butembo. Lori liliondoka Jumamosi asubuhi kama lilivyopangwa, na wakulima wale wawili ndani yake.

Jumapili alikuja kunikuta jikoni kwa mama. Alikuwa amesikia habari za mjini, na zilikuwa nyingi. Kwamba nilizunguka Beni nzima nikidai picha. Kwamba nilionekana nikiingia kwa komanda nikiwa na bahasha. Kwamba siku hiyohiyo mmoja alitoka na wawili wakapelekwa.

"Yaya," akasema, jina tunalomwita ndugu mkubwa, "uliuza nani?"

Nilimweleza yote, kuanzia makasi mpaka beseni. Jina la Madame sikulitaja, nikasema ni mtu fulani, na hapo niliona macho yake yakibadilika. Nikamwambia kuhusu ule mkono shingoni mwake. Alisema siku ile watu wengi walimshika shingo, yeye alikuwa anaangalia nyuzi.

"Nionyeshe ile foto."

Nikainua mtungi wa maji. Chini yake palikuwa pakavu, pasafi. Nikamtazama mama.

"Mutoto si alitoka," akasema mama, akichochea kuni. "Tungeiweka ya nini?"

Mdogo wangu alitutazama sote wawili, kisha akatoka.

Vita vilipopungua kermesse zilirudi, na orkestra nayo ikarudi, na kiongozi wake ananisalimia mpaka leo kwa mikono miwili. Wateja wangu hawakurudi. Ukiinua kamera wanakumbuka kwamba wameitwa mahali. Kwa hiyo sasa nina filimu yote kwa ajili ya muziki, kama nilivyotaka tangu ujana. Nasimama juu ya kreti, nasubiri sebene. Mdogo wangu anapiga vizuri kuliko zamani. Akiniona nimeinua kamera hugeuka taratibu, bila kukosea hata uzi mmoja, na kunipa mgongo mpaka niishushe.